Mtoaji Hayupo

Ukurasa wa wodi ya ini ulikufa saa nne asubuhi, wauguzi wakiwa ndiyo kwanza wanagawa uji. Haikuwa sehemu ya mgonjwa mmoja tu. Ulikufa wote: vitanda kumi na viwili, dawa zao, vyakula vinavyowadhuru, majina ya ndugu wa kupigiwa simu, vyote vikageuka kioo cheupe chenye mstari mmoja mwekundu juu. Muuguzi wa zamu aligusa kioo mara ya pili, mara ya tatu, kisha akapaza sauti kwenye korido.

"Subilaga yuko wapi? Mwiteni upesi!"

Subilaga Mwakatundu alikuja akikimbia, sweta kalivaa nje ndani. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mifumo wa kituo kile cha mapandikizi, kilichojengwa juu ya mashamba ya chai kwenye mteremko wa Rungwe, mahali ambapo mvua hainyeshi bali inakaa. Wenzake walimjua kwa mambo mawili: alitembea kama anayefukuzwa, na hakuwahi kumaliza kikombe cha chai.

Dk. Hosiana Mbilinyi, mkuu wa wodi, alikuwa amesimama katikati ya vitanda akiandika dozi kwenye kiganja chake kwa kukumbuka.

"Daktari, nipe muda kidogo nione."

"Muda sina. Mabomba yote ya dawa yanasubiri amri. Weka chochote unachoweza kuweka, nipate wodi yangu."

Subilaga akaketi kwenye kiti cha wageni kando ya kitanda cha saba, akaipakata kompyuta yake, akausoma ule mstari mwekundu. Ulisema jambo dogo sana. Kitanda cha saba: mtoaji hayupo.

Ukurasa wa wodi haukuwa umeandikwa na mtu kwa mkono. Ulipangwa na kiolezo, maandishi yaliyotulia yenye nafasi wazi, na kila nafasi ilibeba amri yake: nenda kwa mgonjwa, toka kwa mgonjwa nenda kwa mtoaji wake, kwa mtoaji chukua kipimo cha leo. Aliyekitunga kiolezo kile hakuwahi kufikiri kwamba safari hiyo ingefika katikati ikakuta hapana mtu. Na mashine, ikitumwa kwa mtu asiyekuwepo, hairudi kuuliza. Inaanguka palepale, na kila kilichokuwa nyuma yake kwenye foleni kinaanguka nayo.

Kipimo cha mtoaji hakikuwa pambo. Miaka ishirini iliyopita madaktari walipojifunza kukata kipande cha ini la mtu mzima na kukipandikiza kwa mwingine kikakua chenyewe, waligundua pia kwamba kipande hicho hakiachi kumfuata mwenyewe. Mtoaji akipata homa huko aliko, ini lake lililo ndani ya mtu mwingine linapanda joto. Akifunga, linafunga. Wanasayansi walibishana sana juu ya sababu. Matabibu waliacha kubishana, wakaanza kupima. Kila mtoaji aliwekewa punje chini ya ngozi ya mkono, na punje ilituma habari za mwili wake mchana kutwa. Bomba dogo chini ya mbavu za mpokeaji lilizisoma na kupunguza au kuongeza dawa.

Subilaga aliandika mstari mmoja ndani ya kiolezo: kama mtoaji hayupo, chukua wastani wa watoaji wote. Ukurasa ukafufuka. Vitanda vyote kumi na viwili vikarudi na namba zao, na wodi nzima ikashusha pumzi. Kwenye kitanda cha saba, penye neno "mtoaji", sasa paliandikwa: *kipimo cha kawaida*.

"Mungu akubariki," alisema Dk. Hosiana bila kugeuka. Alikuwa ameshafika kitanda cha tatu.

Subilaga alibaki akiitazama ile namba. Ilikuwa nadhifu. Ilifanana na namba za kweli kwa kila kitu. Alijiambia kwamba atarudi mchana aiwekee alama ya kuonya, lakini mchana milango ya chumba cha upasuaji iligoma kumtambua daktari wa usingizi, na kesho yake paa la chumba cha seva likavuja.

* * *

Alirudi wodini mwisho wa wiki, kwa kisingizio cha kukagua vioo vya vitandani.

Kwenye kitanda cha saba alilala Gwakisa Mwasomola, mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Masoko. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na kifua kipana ambacho hata ugonjwa haukukipunguza. Mkewe, Mama Ipyana, alikuwa amekaa miguuni pake akimenya ndizi.

"Ugonile, mwanangu," mama alimsalimu. "Leo umekuja kututazama sisi au kile kioo chako?"

"Vyote, mama. Mwalimu, unaendeleaje?"

"Asubuhi natapika," alisema Mwalimu. "Jioni nakula kama mchimba mtaro. Sijielewi."

"Mwambie lingine," alisema Mama Ipyana.

"Acha, mke wangu."

"Juzi ameniomba udongo! Ule wanaouza sokoni, wa kutafuna. Mwanaume mzima na mvi zake. Nikamwambia, baba Ipyana, huo wanatafuna wenye mimba."

Mwalimu alicheka, kicheko kikamuumiza, akashika ubavu. Hapo Subilaga akaona macho yake. Weupe wa macho ulikuwa umeingia rangi ya maua ya alizeti. Akatazama vifundo vya miguu chini ya shuka: vilikuwa vimevimba hadi mifupa imepotea. Kisha akatazama kioo juu ya kitanda. *Kipimo cha kawaida. Dozi: endelea.*

Aliaga vibaya, akatoka karibu amkumbe mhudumu wa chakula, akamkuta Dk. Hosiana mlangoni mwa ofisi yake.

"Daktari, ile namba ya kitanda cha saba si yake."

"Si yake nani?"

"Si ya mtoaji wake. Mtoaji wake hayupo kwenye hifadhidata. Nilijaza wastani siku ile ukurasa ulipokufa. Nilitaka kuweka alama, sikuweka."

Dk. Hosiana aliweka kikombe chini taratibu. "Siku zote hizi nimekuwa nikimtibu mtu kwa namba za nani?"

"Za watu wote. Yaani za hakuna mtu."

"Subilaga!"

"Uliniambia niweke chochote."

Wakatazamana. Daktari ndiye aliyeondoa macho kwanza. Alimwita muuguzi, akaamuru Mwalimu atolewe damu upya, na majibu yalipokuja akayasoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Kichefuchefu cha asubuhi," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Udongo. Ini linapanuka, na homoni hizi hazina kazi ndani ya mwanaume. Huyo mtoaji ni mwanamke, Subilaga, na ana mimba. Bomba linamwaga dawa za mtu asiye na mimba. Tunaliua lile ini taratibu."

"Sasa?"

"Sasa nipatie vipimo vyake vya kweli. Leo."

* * *

Watu hawakuwa wakipotea tu kwenye hifadhidata ya taifa. Walifutwa, tena kwa kuomba wenyewe. Sheria ilimpa kila mtu mzima haki ya kufuta rekodi yake bila kueleza sababu. Jina liliondoka, anwani ikaondoka, picha ikaondoka. Kilichobaki ni nyayo za wengine: rekodi za watu zilizokuwa zikimwelekea, sasa zikielekeza kwenye namba isiyo na kitu. Nakala moja iliwekwa chini ya ufunguo kwa mwezi mmoja, endapo mhusika angejuta, halafu nayo ikafa. Nakala ya mtoaji huyu ilitunzwa palepale kituoni, kwa kuwa hapo ndipo alipoandikishwa mara ya mwisho, na ufunguo ulikuwa kwa Subilaga.

Sheria ilimruhusu mtunza ufunguo kufungua nakala kama uhai wa mtu uko hatarini. Haikusema uhai wa nani.

Subilaga alifunga mlango wa ofisi yake na kuuliza mashine swali rahisi: nani bado anaelekeza kwenye namba hii? Majibu yalikuwa mawili. La kwanza ni Gwakisa Mwasomola, mpokeaji. La pili ni rekodi ya ndoa, na nyuma yake mwanaume wa Mbeya aitwaye Evance Sichone. Ukurasa wa huyu nao ulikuwa umekufa siku ileile, kwa sababu kiolezo chake kilitaka kuonyesha jina la mke na makazi yake, kikakuta hapana mke. Alikuwa ameandika malalamiko mengi. Ya mwanzo yalikuwa ya upole. *Naomba msaada, ukurasa wangu haufunguki.* Yaliyofuata yalizidi kuwa mafupi. *Rudisheni mke wangu Sikudhani. Najua ametoa ini hapo kwenu.*

Ndivyo Subilaga alivyolijua jina la mtoaji, kwa mkono wa mtu ambaye huenda hakutakiwa kulijua tena.

Aliamua kumpigia. Alijiambia anafanya kazi yake ya kawaida, kushughulikia lalamiko.

"Afadhali umepiga, dada yangu," alisema Sichone. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea kuongea na wateja. "Mimi sina shida na mtu. Nataka ukurasa ufunguke tu. Siwezi kuingia hata benki."

"Hilo tutalirekebisha, kaka. Utafunguka."

"Na pale pa mke wangu?"

"Rekodi hiyo imefutwa na mwenyewe."

"Ndiyo, nimesikia. Lakini ninyi mna nakala, si ndiyo? Mkiirudisha nitaona yuko wapi, basi, nimfuate tuyamalize nyumbani. Mambo ya mume na mke hayo." Akashusha sauti. "Unajua ameondoka na kitu changu tumboni?"

Subilaga aliibana simu sikioni.

"Nilimwambia siku nyingi, hata aende wapi, mimi napata mtu. Mara ya kwanza alikimbilia Sumbawanga, nikampata kwa siku tatu. Akawa hatembei vizuri muda mrefu, maskini. Akatulia. Sasa kapata akili ya kujifuta." Alicheka kidogo, kama anayesimulia utundu wa mtoto. "Dada, bado upo?"

"Nipo."

"Basi nirudishie."

Subilaga alikata simu akiwa amesimama, na hakukumbuka alisimama saa ngapi. Alizunguka meza. Alizunguka tena. Mkononi mwa Sikudhani, popote alipokuwa, punje ilikuwa bado inatuma vipimo, navyo vikirudishwa kila mara kwa sababu hapakuwa na rekodi ya kuvipokea. Alijaribu njia nyingine kwa saa nzima: kuvipokea kando, kuvipa rekodi ya bandia, kuvichukua bila jina. Mfumo ulivikataa vyote. Ulikuwa umejengwa usiamini kipimo kisicho na mtu. Njia ilikuwa moja tu, kumrudisha. Na akimrudisha, kila ukurasa uliokuwa ukimwelekea ungewaka tena kwa mpigo: wa Mwalimu ukiwa na kipimo, na wa Sichone ukiwa na makazi ya sasa, kwa kuwa punje ilituma pia mahali ilipo.

* * *

"Mrudishe," alisema Dk. Hosiana. Walikuwa kwenye ngazi za nyuma, mvua ikipiga mabati. "Mrudishe, uchukue vipimo, halafu umfute tena."

"Kufuta anaomba mwenyewe tu. Mimi siwezi. Na hata ningeweza, yule bwana anakaa anautazama ukurasa wake kutwa. Akipata nafasi ya kupepesa jicho inamtosha."

"Piga polisi basi."

"Niwaambie nini? Kwamba mtu ana sauti laini?"

Daktari alijifunga koti vizuri. "Nikwambie jinsi ninavyoona mimi. Mgonjwa wangu ana jina, ana kitanda, ana mke anamenya ndizi. Huyo mwingine kwako ni simu moja iliyokutisha. Mimi sitibu hofu zako."

"Na mtoto aliye tumboni?"

"Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii chochote. Nauliza kwa sababu sijui."

Dk. Hosiana hakuwa mtu wa kuficha mambo kwa familia. Jioni ile ile alimweleza Mama Ipyana yote isipokuwa majina: kwamba kuna nakala, kwamba ufunguo anao Subilaga, na kwamba kuifungua kunaweza kumhatarisha mtu mwingine. Mama Ipyana alikuja ofisini bila kubisha hodi, akasimama na kitenge chake kikichuruzika maji.

"Mwanangu, una mume?"

"Sina, mama."

"Una baba?"

"Ninaye. Yuko Kyela."

"Basi huyu aliyelala pale mfanye baba yako. Fungua hicho kitu." Kisha sauti ikampanda. "Huyo mwanamke si alitoa ini mwenyewe? Hakulazimishwa! Kama alitaka kujificha angekaa na ini lake!"

"Alipotoa hakujua kwamba atahitaji kujificha, mama."

"Na mimi nilijua? Mimi nilijua kwamba nitakuja kukupigia magoti?" Na kweli akaanza kupiga magoti. Subilaga akamshika mikono yote miwili amzuie, wakabaki hivyo, wameshikana, kila mmoja akivuta upande wake.

Baadaye Subilaga alikwenda wodini. Aliona hakuna haki ya kuamua juu ya uhai wa mtu bila kumtazama usoni. Mwalimu alikuwa macho, jasho limemtoka, midomo imepauka. Alimweleza kwa ufupi. Mwalimu alisikiliza huku akigonga shuka kwa vidole, mapigo manne manne, kama anayehesabu kabla ya kwaya kuingia.

"Unataka nikuambie usifungue," alisema mwishowe.

"Nataka nijue unavyofikiri, Mwalimu."

"Ninavyofikiri ni kwamba naogopa. Nimeimbisha watu mazishini miaka thelathini, nikadhani nimeyazoea. Kumbe nilizoea ya wengine." Alivuta pumzi kwa shida. "Usinipe mimi uamuzi huo, binti yangu. Ukinipa, nitachagua kuishi. Nitachagua hivyo na nitaona aibu, lakini nitachagua. Kwa hiyo usiniulize tena."

* * *

Hakufungua.

Hakupata ishara yoyote, wala moyo wake haukutulia baada ya kuamua. Alichofanya ni kufungua kiolezo cha wodi na kuufuta mstari aliouandika mwenyewe, ule wa wastani. Mahali pake aliweka sharti jipya. Kama mtoaji hayupo, ukurasa usianguke, na usijaze kitu. Uandike kwa herufi nyekundu: MTOAJI HAYUPO. HAKUNA KIPIMO. MPIME MGONJWA. Na bomba la mgonjwa huyo lisipokee dozi yoyote mpaka daktari aitie kwa mkono wake.

Kisha akafungua kiolezo cha kurasa za wanandoa, ambacho mtunza ufunguo aliruhusiwa kukirekebisha. Hapa alikaa zaidi. Akiandika "amefutwa", Sichone angesoma kila asubuhi kwamba mke wake alimkimbia, na hasira ingepata chakula. Akiandika "hayupo", angeweza kudhani amekufa, au akatafuta kaburi. Mwishowe hakuandika kitu. Alikiamuru kiolezo kwamba kama mke hayupo, mstari wote usichorwe, wala neno "mke" lisionekane, ukurasa uendelee na kinachofuata kana kwamba hakuna swali lililoulizwa. Pengo lilelile, na kwa mmoja alilipigia kelele, kwa mwingine akalinyamazisha. Hakuwa na uhakika kama huo ulikuwa uadilifu au ujanja. Ukurasa wa Sichone ukafunguka mchana ule. Alipiga simu mara nyingi wiki ile, na Subilaga akamjibu kila mara kwamba ukurasa wake ni mzima.

Dk. Hosiana hakumsemesha siku nzima. Siku ya pili alimtupia faili mezani.

"Nataka ukurasa wa kitanda cha saba unionyeshe damu yake mwenyewe, kila baada ya saa nne. Nitakadiria. Mimba ina njia yake, tunaijua tangu enzi za bibi zetu. Nimemweka kwenye mwezi wa tatu. Nikikosea, nimemuua mimi, si wewe. Au wewe pia. Sijui." Alipofika mlangoni aligeuka. "Ungeweza kunirahisishia maisha."

"Najua, Daktari."

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa miaka mingi madaktari wa pale walikuwa wamesoma namba ya mtoaji na kufuata, na sasa ilibidi wauguzi wajifunze upya kubonyeza mguu na kuona shimo linakaa muda gani, kuvuta kope, kunusa pumzi. Mara mbili Dk. Hosiana alikosea dozi. Mara ya pili Mwalimu alipoteza fahamu, na Mama Ipyana alimpita Subilaga kwenye korido bila kumtazama, kama anavyopita nguzo. Siku ambayo mwezi ulitimia na ile nakala ikajifuta yenyewe, Subilaga alikuwa chumba cha seva akikinga maji yaliyovuja paani. Alipotoka, kazi ya kuchagua ilikuwa imekwisha, na hilo halikumsaidia kulala.

Polepole uvimbe ukapungua. Mwalimu akaanza kukaa kitako. Mwezi wa tano wa mimba ile alilia bila sababu kwa siku mbili, akaona haya. Mwezi wa sita akataka maembe mabichi yenye pilipili. Wauguzi walianza kumtania wakimwita mama kijacho, naye akawaruhusu, kwa sababu kila hamu ya ajabu iliyomjia ilikuwa habari: huko aliko, yule mwanamke anakula, analala, anaendelea. Hakuna mtu mwingine nchini aliyekuwa akipata habari zake. Mama Ipyana alimletea maembe. Lakini mama bado hakumsalimia Subilaga.

* * *

Ilianza mchana wa siku ya soko, wiki mbili kabla ya siku ambayo daktari alikuwa amekadiria. Mwalimu aliita. Hakuita jina la mtu, alitoa sauti tu, nzito, ya chini, na wodi nzima ikageuka. Namba za damu yake, ambazo sasa bomba lilizisoma bila kukoma, zilikuwa zinapanda na kushuka kwa mawimbi. Dk. Hosiana alifika, akatazama kioo, akatazama saa ya ukutani, akasubiri wimbi lingine lije.

"Ameshikwa na uchungu," alisema.

Hawakuwa na la kumfanyia isipokuwa kumshika. Walimpunguzia dawa, wakamwekea vitambaa vya baridi. Mama Ipyana alimkumbatia mabega kutoka nyuma, akimwambia kwa Kinyakyusa maneno ambayo aliwahi kuambiwa yeye. Subilaga alisimama mlangoni, akatoka, akarudi, akatoka tena. Mvua iliacha, ikaanza.

Kisha namba zikaanguka. Zilishuka zote kwa pamoja, chini kuliko zilivyowahi kuwa, na Mwalimu akalegea mikononi mwa mkewe, macho wazi, akipumua kwa pua.

"Amejifungua?" aliuliza muuguzi.

Dk. Hosiana alishika mkono wa Mwalimu. "Huenda. Huenda pia mtoto ametoka mfu. Mwili unaanguka hivihivi."

"Tutajuaje?"

"Kama mtoto yuko hai na anashika ziwa, kuna homoni itapanda. Kidogo tu, kisha ishuke, kisha ipande tena anaponyonya tena. Kama haipandi..." Aliuacha mkono wa Mwalimu. "Tusubiri."

Wakasubiri. Jua lilitoka kidogo likamulika sakafu yenye maji. Kioo kilionyesha mstari ulionyooka, na juu yake yale maneno mekundu ambayo wodi ilikuwa imeyazoea. Subilaga alitembea kutoka dirishani hadi kitanda cha kumi na kurudi. Aliwaza Sumbawanga. Aliwaza chumba asichokijua, mwanamke amelala bila jina, na kama kulikuwa na mtu wa kumshika mkono. Aliwaza kwamba kama mstari ule ungebaki hivyo hangejua kamwe sababu, na kwamba angebeba zote.

Mstari ukainuka.

Ulikuwa mwinuko mdogo, mtu asiyejua angedhani ni kasoro ya mashine. Dk. Hosiana aliinua kidole kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Ukashuka. Muda ukapita, mrefu. Ukainuka tena, safari hii zaidi.

"Ananyonya," alisema Mama Ipyana, kabla ya daktari.

Dk. Hosiana aligeukia ukutani akajifuta uso kwa mkono wa koti. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja ubavuni, kwa tahadhari, kama aliyewekewa kitu cha watu akitunze.

"Nipeni chakula," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Huyu ana njaa kweli."

Muuguzi akakimbilia jikoni. Subilaga akaanza tena kwenda dirishani, na alipopita kwenye benchi la kando ya kitanda, Mama Ipyana, aliyekuwa amehamia hapo, akamshika sketi. Hakumtazama. Alisogea tu, akakusanya kitenge chake, akamwachia nafasi.

"Keti basi," alisema. "Unatuzungusha vichwa."

Subilaga akaketi. Mstari ulipoinuka mara ya tatu waliutazama wote wawili, mabega yao yakigusana.